Misumari Arobaini na Mitatu

Saimi Kosunen hakuwa na mazoea ya kumwamini mtu, na heri niliseme mapema msije mkanilaumu baadaye. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mpima maziwa katika kiwanda kidogo cha kijiji chetu, kile cha matofali mekundu kando ya ziwa, na kazi ya mpima maziwa ni moja tu: kujua nani katia maji. Wakulima walishusha makopo yao asubuhi, wakamchekea, wakamuuliza habari za mama yake, naye akachovya kipimo huku kawakazia macho. Aliyecheka sana alipimwa mara mbili.

Nyuma ya meza yake, mashine ya kutenga krimu ilikuwa ikinguruma tangu alfajiri hadi adhuhuri, miaka yote hiyo. Hakuilalamikia hata siku moja. Alisema afadhali kelele ya mashine kuliko porojo za wakulima.

Kiwanda kikafungwa, Saimi akastaafu. Jengo likakaa tupu hadi chuo cha watu wazima kilipolichukua kwa darasa la kujenga mashua. Kila Jumanne na Alhamisi jioni, kuanzia Oktoba, mwenye kutaka alete mbao zake za msonobari, mwalimu amwelekeze, na ikifika sikukuu ya katikati ya kiangazi aondoke na mashua yake mwenyewe. Kwetu kila ukoo una habari za babu aliyejenga mashua, na kila mtu anadhani amerithi mikono ya babu huyo. Walijiandikisha watu sita. Watano walikuwa wanaume, na wote watano walikuwa wamewahi kupimwa maziwa na Saimi.

Alichokifuata yeye hakikuwa sifa. Mama yake, Hilja, alikuwa na miaka tisini na mmoja na aliishi katika nyumba ya wazee pale karibu na kanisa. Macho yalikuwa yameingia ukungu, miguu imekataa, lakini ulimi ulikuwa mzima. Alizaliwa kisiwani Lehtosaari, na miaka kumi na mitano alikuwa hajakikanyaga.

"Kiangazi kijacho nipelekeni Lehtosaari," alisema. "Kingine sitakiona."

Wapwa wenye mashua za injini wakaanza visingizio. Mmoja akasema bibi atapata baridi, mwingine injini imeharibika, wa tatu tutaona. Saimi akawasikiliza weee, kisha akamwambia mama yake, "Nitakupeleka mimi."

"Kwa mashua gani?"

"Nitakayoijenga."

Hilja akacheka hadi akapaliwa. Alipopata pumzi akasema, "Basi fanya haraka, mwanangu, na isivuje. Mimi siwezi kuogelea tena."

Kwa hiyo mkijua hilo mnajua yote. Bibi wa miaka tisini na mmoja angekaa ndani ya mashua ile, katikati ya ziwa lenye kina cha kutisha, na kilichokuwa kati yake na maji ni mbao za Saimi na misumari ya Saimi.

Jioni ya kwanza mwalimu Reino, seremala mnene mwenye mzaha mwingi, aliwaonyesha jinsi mbao zinavyopandanishwa, ukingo juu ya ukingo, na kufungwa kwa misumari ya shaba. Msumari unaingia kutoka nje. Mtu mmoja anaukandamiza kichwa chake kwa chuma kizito, mwenzake aliye ndani anauvisha kipete cha shaba, anaukata ncha, anaugonga mpaka ukae kama kifungo. Kazi ya watu wawili.

"Na msikilize," Reino akasema. "Msumari uliokaza unalia ting! Uliolegea unasema bu. Sikio ndilo fundi, mikono ni vibarua tu."

Saimi alikuwa nyuma kabisa. Alimwona Reino akichezesha midomo, akaona wenzake wakicheka, na yeye akatikisa kichwa kama aliyeelewa. Watu wa siku hizi wananong'ona badala ya kusema, ndivyo alivyofikiri. Kwa miaka kadhaa sasa alikuwa ameliona hilo: dukani, kanisani, hata kwenye redio. Na akiingia mahali, wananyamaza au wanashusha sauti. Yeye alijua sababu. Mtu aliyewapima maziwa miaka thelathini na mmoja hawezi kukosa wa kumsema.

Reino akawagawa wawili wawili. "Saimi, wewe na Oiva."

"Ng'o!"

"Kazi hii inataka mikono minne, bibi."

"Ninayo miwili na goti. Itatosha."

Oiva Rissanen alisema kitu ndani ya ndevu zake. Saimi hakushika hata neno, ila ndevu alizifahamu vizuri. Mwaka wa sitini na moja aliyapima maziwa ya huyu bwana yakaonyesha maji, akaandika. Kiwanda kikayakataa maziwa yake msimu mzima. Oiva akasimama mkutanoni mbele ya kijiji kizima, akaapa kwa Biblia kwamba hajatia hata tone. Halafu likazuka la kuzuka: eti Saimi alimbambikia kwa wivu, kwa kuwa kwenye dansi Oiva alimwacha kwenye benchi akaenda kucheza na mwingine, ambaye baadaye alimwoa. Miaka ishirini na mitatu maneno hayo yalimfuata Saimi. Mke wa Oiva alishafariki, na bado watu walikuwa wakiyasema.

Akafanya kazi peke yake. Chuma alikiegemeza kwa gongo lililotia mguu ukutani, akazunguka, akaingia ndani ya mashua, akagonga. Likimponyoka, anashuka, analiegemeza upya. Alifanya hivyo kwa mamia ya misumari, na kusema kweli mbao zake zilikaa vizuri kuliko za wote, mistari imenyooka, mbele imeinuka kwa madaha. Alipokuwa akigonga, wanaume walikuwa wakisita kidogo na kutazamana. Aliliona hilo. Mara tatu Reino alikuja akainama karibu na mbao zake, akasema jambo, akamgusa bega.

"Asante," Saimi alimjibu kila mara. Reino alikuwa akiondoka anajikuna kichwa.

Mwezi wa Aprili akagundua.

Nyundo yake ilikuwa imemeguka ukingoni, na kila msumari alioufunga ulibaki na alama ndogo kama ya kucha. Jumamosi moja mchana, akiwa ameingia peke yake kwa ufunguo wake wa zamani wa kiwanda, alikuwa akiipapasa mashua ubao kwa ubao, na kwenye ubao wa pili kutoka chini akakuta msumari hauna alama. Akavaa miwani. Wa pili wake nao hauna. Akahesabu kumi na saba, huku na huku, kila mmoja umefungwa na nyundo nyingine. Roho ikampaa. Kuna mtu anaigusa mashua yangu, akajiambia. Anaigusa pale chini kabisa, panapokaa maji.

Haya, mpima maziwa ni mpima maziwa. Alhamisi, watu walipokwisha kutoka, akanyunyiza unga wa viazi sakafuni kuizunguka mashua yake, kidogo tu, usionekane. Jumamosi akaja asubuhi. Unga ulikuwa na nyayo za buti za sufu, na kisigino cha kulia kilikuwa na kiraka cha ngozi. Kiraka hicho alikuwa akikiona kila Jumanne na kila Alhamisi. Oiva ndiye aliyekabidhiwa ufunguo wa darasa, kwa kuwa anakaa jirani na huja mapema kuwasha jiko.

"Nilijua," Saimi akasema kwa sauti, mle ndani peke yake. Na niwaambieni ukweli, mbali na hasira alisikia kama raha fulani.

Jumapili akaenda kwa mama yake na mkate uliookwa na samaki ndani, akamsimulia yote.

"Muulize," Hilja akasema.

"Nimuulize nini, mama? Anilambe kisogo? Aliyeapa uongo kwa Biblia atashindwa kuniongopea mimi?"

Hilja akatafuna taratibu. Kabla Saimi hajaondoka, alimshika mkono, kama alivyofanya kila Jumapili msimu ule, akasema jambo kwa sauti ya chini, uso kaugeuzia dirishani.

"Ndiyo, mama," Saimi akajibu, kama alivyojibu kila Jumapili. Mama yake akauachia mkono.

Hakumuuliza Oiva. Alizidi kuhesabu. Kufikia Juni misumari isiyo na alama ilikuwa arobaini na mitatu. Jumamosi ya mwisho kabla ya kuziteremsha mashua majini, Oiva alipokwenda kwenye harusi ya binamu yake, Saimi aliingia na koleo. Akaikata yote, akaing'oa, akaitupa kwenye ndoo. Akatia mipya, chuma kikiwa kimeegemezwa kwa gongo, akagonga mpaka kila mmoja ukapata alama yake ya kucha. Halafu akapaka lami ya msonobari ndani na nje. Akarudi nyumbani mikono inanuka moshi, akalala fofofo kwa mara ya kwanza tangu Aprili.

Mashua mpya iliyokauka jengoni miezi minane haielei siku ya kwanza. Kwetu inazamishwa. Unaitia mawe, unaiacha ijae maji pale pasipo kina, siku tatu, mbao zinywe zivimbe zibanane. Kisha unatoa mawe, unafua maji kwa ndoo, na hapo ndipo ziwa linakupa jibu. Ikibaki kavu, wewe ni fundi.

Asubuhi ya mkesha wa sikukuu kijiji kizima kilikuwa ufukweni. Matawi ya mti wa mbetula yamesimamishwa milangoni kuwa pambo la sikukuu, kahawa inachemka, viazi vipya viko jikoni. Hilja aliletwa kwa kiti cha magurudumu, kafungwa shali mbili na kitambaa cha maua kichwani, kikapu mapajani.

Mashua tano zikafuliwa maji, zikabaki kavu. Watu wakapiga makofi. Saimi akafua ya kwake, akasimama kando, akatazama. Sakafu ya mashua iling'aa kidogo. Akapangusa kwa kitambaa. Ikang'aa tena. Robo saa haikutimia, maji yalikuwa yanafika kwenye kifundo cha mguu, yakipenya taratibu kwenye ubao wa pili na wa tatu, pande zote mbili.

Watu wakasogea ukingoni.

"Wewe Oiva!" Saimi alipaza sauti hadi ndege wakaruka. "Miaka ishirini na mitatu umeningoja! Umeona mimi hunipati, sasa unataka kumzamisha mama yangu!"

Oiva akavua kofia. Akaja, akaingia majini na viatu vyake, akapitisha kidole kwenye misumari. "Saimi," akasema, safari hii uso kwa uso, "umeigusa hii?"

"Nimeing'oa! Uchafu wako wote, arobaini na mitatu, uko kwenye ndoo!"

Reino akakaa juu ya jiwe puu. "Mungu wangu. Ameing'oa."

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikwambia mimi! Nilikuja mara tatu, nikainama pale pale, nikasema Saimi, huu umelegea, ufunge upya. Ukanijibu asante!"

"Hukuniambia hivyo."

"Haya, nilikwambia nini?"

Saimi akafungua kinywa. Alichokumbuka ni mkono begani na midomo ikichezacheza.

Oiva akaomba nyundo. Wakaivuta mashua mchangani, wakailaza ubavu. Akagonga msumari mmoja, kisha wa jirani yake. "Umesikia?"

"Nimesikia nini? Unagonga tu."

Akagonga tena, polepole, mmoja mmoja. Saimi hakuiangalia nyundo. Aliangalia nyuso za watu, kama alivyozoea siku hizi, atafute jibu huko. Nyuso zote zilikuwa zimeinama.

"Yote sawa," akasema. "Inalia sawa."

"Wa tatu umelegea," sauti kali ikatoka nyuma. "Na wa tano. Gonga tena, Oiva. Huo nao bure kabisa."

Alikuwa Hilja, hatua ishirini nyuma, kitambaa cha maua kimefunika masikio yote mawili, macho yasiyoona mashua wala nyundo.

Saimi akageuka. "Mama, unasikia kutoka huko?"

"Mwanangu, hata ningekuwa kitandani ningesikia. Kwani wewe husikii?"

Hapo ndipo ilipomwingia. Haikumjia kidogo kidogo, ilimjia yote mara moja: ile mashine nyuma ya mgongo wake iliyomla masikio, redio, dukani, kanisani, watu ambao kumbe hawakuwa wakinong'ona kabisa. Kwamba alikuwa karibu kumpakia mama yake ndani ya kapu linalovuja. Aibu ilimpanda toka miguuni, na nyuma ya aibu hofu, mbele ya kijiji kizima. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Oiva alikuwa ameshika kofia kifuani. Akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya kuita ng'ombe, kila mtu asikie.

"Maziwa niliyatia maji!"

"Nini?" Saimi akasema. Alikuwa amesikia. Hakuamini.

"Mwaka ule wa sitini na moja! Kutoka kisimani hadi kopo, mpaka uliponishika! Kipimo chako hakikukosea. Niliapa uongo, nikakuachia wewe mzigo. Dansi haikuwa na lolote."

Wazee wawili watatu wakatazamana. Mama mmoja akasema, "Loo, Oiva!" Saimi alimkazia macho kama zamani, akimpima. Mtu huyu hakuwa anacheka.

"Asilimia kumi na mbili," akasema mwishowe.

"Kumi na mbili? Mimi nilidhani kumi."

"Kumi na mbili. Niliandika."

"Basi kumi na mbili."

Saimi akajipangusa uso kwa mkono wenye lami, akajichora mstari mweusi shavuni. "Misumari, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia misumari yako mibovu, mimi Oiva, ungeniamini?"

Akafikiri kwa haki. "Nisingekuamini."

"Ndiyo maana nikaja na nyundo."

"Haya," Saimi akasema. "Shika hiyo nyundo basi. Nami nipe chuma."

Wakafanya kazi tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa mchana, Oiva ndani, Saimi nje amepiga magoti mchangani, chuma kwenye kiganja. Hilja alikataa kuondolewa. Alikaa pale na kahawa yake, akihukumu. "Huo bado! Huo umepata. Huyo mwanamume anagonga kama anaua nzi, mwambieni atulie." Na kabla ya msumari wa kumi Saimi aligundua jambo. Uliolegea ulikuwa unamtekenya kiganjani, unatetemeka. Uliokaza ulimgonga mara moja, mfupa kwa mfupa. Wa kumi na moja, kabla mama yake hajafungua kinywa, alisema, "Bado." Oiva akagonga tena. "Sasa umepata," Saimi akasema, na Hilja akanywa kahawa yake.

Hawakuwa na siku tatu nyingine za kuizamisha, lakini mbao zilikuwa zimeshavimba, kilichobaki kilikuwa misumari tu. Wakaisukuma majini. Saimi akakaa humo peke yake saa nzima, mkono umelala juu ya mbao za chini. Kavu. Akapapasa tena. Kavu. Akasubiri robo saa nyingine kwa sababu ndivyo alivyo, na hakuna aliyemharakisha.

Oiva na Reino wakambeba Hilja, wakamweka nyuma juu ya ngozi ya kondoo. Saimi akashika makasia. Jua lilikuwa juu bado, ziwa limetulia, na ufukwe ukaanza kurudi nyuma pamoja na watu wake, na moshi wa kahawa, na Oiva aliyesimama majini hadi magotini akiwa bado na nyundo.

Walipofika katikati, Lehtosaari ikiwa inaonekana na misonobari yake, Hilja akainama mbele, akamshika mwanawe mkono, akasema jambo kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, ma—" Saimi akaanza. Akakatiza. Akainua makasia, maji yakadondoka toka nchani.

"Sikusikia, mama," akasema. Miaka mingapi hakulisema neno hilo, sijui. "Sema tena."

Hilja akasogea mpaka pua zao zikakaribiana, akasema kwa sauti ya nguvu, neno kwa neno.

"Nimekuuliza tangu Oktoba. Nikiondoka, utabaki na nani?"

Saimi akatazama nyuma ufukweni. Walikuwa wadogo sasa, hakuweza kuwatambua kwa sura, ila mmoja alikuwa bado ndani ya maji.

"Sijui, mama," akasema. Akapapasa ubao wa chini kwa kiganja, ulikuwa mkavu, na akaanza kupiga makasia tena.